Nani wa Mwisho Kutoka? Hesabu ya Marejeo Katika Kiini cha Kompyuta

Katika soko la ndizi la Mabibo, ambalo wakazi wengi wa Dar es Salaam hulijua kwa jina la Mahakama ya Ndizi, si ajabu kumwona mfanyabiashara akipiga picha mikungu iliyoshushwa alfajiri na kumpelekea kwa simu mteja wake aliye Tegeta au Mbagala. Mtandao ukiwa mzito, picha hukawia njiani. Na afikirie msomaji kwamba mfanyabiashara huyo, akiona nafasi katika simu yake imekwisha, anaanza kufuta picha za zamani, na katika haraka yake anaifuta hata ile ambayo bado inapelekwa. Je, mteja wa Tegeta atapata nusu ya mkungu?

La. Maadamu programu inayopeleka ilikuwa imekwisha kulifungua faili la picha hiyo, mteja ataupata mkungu mzima hadi kikonyo chake. Katika folda jina la picha limetoweka, na mwenye simu anaamini kwamba ameifuta. Lakini picha yenyewe haijaondolewa, kwa sababu ndani ya simu yuko msimamizi anayejua kwamba bado kuna aliyeishika. Itaondolewa pale tu mshikaji wa mwisho atakapoiachilia. Msimamizi huyo ni kiini cha mfumo wa uendeshaji, na njia anayotumia kujua kama kitu bado kimeshikwa ni ndogo kwa kuitazama: ni namba moja tu, ambayo huongezwa moja na kupunguzwa moja. Hata hivyo, kusahau kuipunguza namba hiyo mara moja, mahali pamoja, kuliziacha mashine nyingi duniani wazi kwa wavamizi tangu mwaka 2013 hadi 2016.

Mali ya shirika

Simu nyingi zinazouzwa katika maduka ya Mabibo na Manzese ni za Android, na kiini cha Android ni Linux, programu aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland. Kiini ndicho kinachogawa kumbukumbu na zamu za prosesa, kinachofungua mafaili na kupokea ujumbe wa mtandao. Programu nyingine zote, iwe ya muziki au ya kutuma fedha, hazigusi chombo ila kwa kupitia kwake.

Kwa kuwa kiini hutumikia programu nyingi kwa wakati mmoja, vitu vingi vilivyomo ndani yake ni mali ya shirika. Faili moja laweza kufunguliwa na programu tatu. Njia moja ya mawasiliano yaweza kushikwa na mzazi na mwana, yaani programu iliyozaa nyingine. Kila kitu cha namna hiyo hukaa katika kipande cha kumbukumbu, na kumbukumbu haina budi kurudishwa baada ya matumizi ili wengine waitumie. Swali ni lini. Kikirudishwa mapema, walio bado kukitumia watajikuta wanaandika juu ya mali ya mwingine. Kisiporudishwa kabisa, mashine itajaa taratibu kama ghala lisilo na mlango wa kutokea. Nacho kiini hakina nafasi ya kusimama na kuziuliza programu zote, moja baada ya moja, kama zimemaliza.

Ufumbuzi uliotangulia kuandikwa ni wa Mmarekani George Collins, ambaye mwaka 1960 alipendekeza kwamba kila kitu kichukue ndani yake namba inayoonyesha ni marejeo mangapi yanayokielekea. Rejeo ni anwani tu: yule aliye na anwani ya kitu katika kumbukumbu ndiye awezaye kukitumia. Ken Thompson na Dennis Ritchie, walipoueleza mfumo wao wa Unix mwaka 1974, walionyesha kwamba faili huhesabiwa majina yake, na kwamba haliondolewi mpaka majina yamekwisha. Linux ilirithi mtindo huo, na picha ya mikungu huokolewa nao: kufuta kumepunguza hesabu ya majina, ila hesabu ya wanaolitumia faili haijafika sifuri.

Ubao wa mlangoni

Ili kuona ugumu ulipo, yafaa kuondoka sokoni na kuelekea katika hosteli za Mabibo, ambako wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huishi wengi chumba kimoja. Chukulia kwamba mlangoni pa kila chumba umetundikwa ubao mdogo wenye namba. Anayeingia huongeza moja. Anayetoka hupunguza moja. Yule ambaye baada ya kupunguza anaona sifuri ndiye wa mwisho: huzima taa, hufunga mlango na kurudisha ufunguo, na tangu hapo chumba chaweza kupewa watu wengine kabisa.

Mpango huu hauhitaji mlinzi, wala hauhitaji mtu yeyote kuwajua wenzake kwa majina. Hapa ndipo penye uzuri wake, na ndiyo maana watunzi wa programu wanaupenda. Lakini unategemea uaminifu kamili wa kila mmoja. Wanafunzi wa Chuo Kikuu wana neno lao, kubebana, yaani mwenye kitanda kumlaza mwenzake asiye na chumba, bila jina la mgeni kuwamo katika daftari lolote. Mgeni wa namna hiyo akilala usingizi mzito mchana, nao wenyeji wote wakatoka, ubao utasema sifuri ingali yumo mtu. Mlango utafungwa na chumba kitapewa wapangaji wapya. Katika kiini, kitu kilichorudishwa huku bado kuna anayekitumia ni kosa la hatari kuliko mengi: mgeni akiamka huendelea kufungua makabati akidhani ni ya rafiki yake, kumbe ni ya watu asiowajua. Mvamizi stadi hahangaiki hata kuvunja mlango. Hupanga mambo ili mpangaji mpya awe yeye, akaweka kabatini karatasi za kughushi, kisha akangoja kiini kizisome na kuziamini.

Kosa la upande wa pili, yaani kuingia kwa kuandika na kutoka bila kufuta, huonekana la upole. Chumba hubaki kimefungiwa watu wasiokuwapo. Kumbukumbu hupotea, na siku moja mashine husimama. Watunzi wengi kwa muda mrefu walilihesabu kuwa ni uzembe tu, si hatari. Mwaka 2016 uliwaonyesha vingine, kama itakavyoelezwa.

Wawili mlangoni kwa pamoja

Kompyuta na simu za leo zina prosesa kadhaa zinazofanya kazi sawia. Kuongeza moja, ambako kwa mwanadamu ni tendo moja, kwa prosesa ni matatu: kusoma namba, kuijumlisha, kuiandika. Wanafunzi wawili wakifika mlangoni kwa pamoja, ubao ukisema 3, kila mmoja husoma 3, kila mmoja hujumlisha akapata 4, na kila mmoja huandika 4. Waliomo ni watano, ubao wasema wanne. Wanne watakapokuwa wametoka, ubao utakuwa sifuri, na wa tano atafungiwa ndani.

Dawa ya jambo hili hutoka kwa wahandisi wa prosesa wenyewe. Prosesa za Intel zina amri inayozuia wengine wasiliguse neno lile la kumbukumbu mpaka matendo matatu yamekamilika. Prosesa za ARM, ambazo ndizo zilizo katika simu nyingi, zina njia inayofuata falsafa nyingine: prosesa husoma na kujumlisha bila kumzuia yeyote, lakini wakati wa kuandika huangalia kama kuna aliyeligusa neno lile katikati, akiwapo, kazi huanza upya. Matokeo ni yale yale: kuongeza kumekuwa tendo lisilogawanyika. Gharama ipo, maana prosesa nyingi zikigombea neno moja husubiriana, lakini hesabu huwa sahihi.

Mwanafunzi mwerevu atasema basi tatizo limekwisha. Halijakwisha, na sehemu inayofuata ndiyo iwapoteayo hata watunzi wenye uzoefu.

Mtu aliye njiani

Ubao uko mlangoni pa chumba. Yaani namba ya marejeo hukaa ndani ya kitu chenyewe, katika kipande kile kile cha kumbukumbu kitakachorudishwa. Sasa yuko mwanafunzi aliyesoma kwenye orodha ya getini kwamba rafiki zake wako chumba namba 12. Anapanda ngazi. Wakati yuko katikati ya ngazi, wa mwisho wa rafiki zake anatoka, anaona sifuri, anafunga na kurudisha ufunguo, na chumba kinapewa wengine. Mgeni anafika, anaongeza moja kwenye ubao kwa tendo lisilogawanyika kabisa, anaingia. Ameongeza vizuri, lakini katika ubao wa watu wengine.

Kwa maneno mengine, hesabu humlinda yule tu ambaye amekwisha kuhesabiwa. Aliye na rejeo halali aweza kumpa mwenzake rejeo la pili bila wasiwasi wowote, kwa kuwa maadamu yeye yumo ndani namba haiwezi kufika sifuri. Lakini asiye na rejeo, ambaye amepata anwani kutoka katika orodha fulani, hana kinga yoyote katika nukta ile iliyo kati ya kusoma anwani na kuongeza namba. Mwaka 2004 Greg Kroah-Hartman alieleza katika mkutano wa watunzi wa Linux mjini Ottawa, Kanada, chombo kidogo kiitwacho kref, kilichotungwa ili kila sehemu ya kiini ihesabu kwa namna moja. Mwongozo wa chombo hicho wadai hasa mambo matatu: ongeza kabla ya kumkabidhi mwingine kitu, punguza umalizapo, na ikiwa unatafuta kitu ambacho huna rejeo lake, tumia kufuli. Mawili ya kwanza kila mtu huyakariri. La tatu ndilo linalosahauliwa.

Kufuli ni rahisi kueleza: anayesoma orodha ya getini huishika mpaka amefika juu na kuongeza namba, na anayeondoka wa mwisho hawezi kufuta chumba katika orodha wakati huo. Ila orodha ikishikwa na mtu mmoja, wengine wote husimama getini, na katika mashine yenye prosesa nyingi foleni hiyo haivumiliki. Kwa sababu hiyo Linux ilipokea mwaka 2002 njia nyingine, ambayo Paul McKenney ni mmoja wa waanzilishi wake, ijulikanayo kwa herufi RCU. Katika njia hii wasomaji hawazuiwi kamwe. Anayefunga chumba hulifuta jina lake kwanza katika orodha, kisha hungoja mpaka kila aliyekuwa ameisoma orodha ya zamani amemaliza safari yake. Hapo tu ndipo hurudisha ufunguo. Mgeni anayefika katika muda huo wa kungoja hukuta ubao bado ni wa chumba kile kile, lakini unasema sifuri. Sheria humwambia: ongeza ikiwa si sifuri, ikiwa ni sifuri, rudi ulikotoka. Sifuri katika mpango huu ni mauti, na kilichokufa hakifufuliwi kwa kuandikiwa 1.

Mstari mmoja uliosahauliwa

Kiini cha Linux huhifadhi funguo za siri za programu katika vifurushi, na kila kifurushi ni kitu cha shirika chenye hesabu yake. Programu yaweza kuomba kujiunga na kifurushi kwa kukitaja jina. Kiini hukitafuta, hukiongezea hesabu moja kwa ajili ya aliyeomba, kisha humkabidhi. Katika toleo 3.8, lililotolewa Februari 2013, palikuwa na njia moja ya pembeni: ikiwa kifurushi kilichoombwa ni kile kile ambacho programu ilikuwa nacho tayari, kiini kilisema hakuna la kufanya, kikarudi. Kilikuwa kimekwisha kuongeza moja, hakikupunguza. Makosa ya hesabu aghalabu hujificha katika njia kama hizi, ambazo mtunzi huziandika mwishoni akiwa amechoka, akiamini kwamba hazitapitwa mara nyingi.

Namba ile ilikuwa na biti 32, hivyo uwezo wake ni thamani 4,294,967,296, kuanzia 0. Zaidi ya hapo hurudi mwanzo, kama kipimo cha kilomita cha daladala kuukuu kinavyomaliza 99999 na kuonyesha 00000 ilhali gari halikuzaliwa upya. Januari 2016 kampuni ya Perception Point ilitangaza kwamba imegundua kosa hilo na ikaonyesha matokeo yake. Programu isiyo na madaraka yoyote iliomba kujiunga na kifurushi chake yenyewe mara zaidi ya bilioni nne. Namba ikapanda, ikafika kikomo, ikarudi sifuri. Kiini kikaona sifuri, kikakirudisha kifurushi ambacho bado kilikuwa kinatumika. Programu ikajaza nafasi ile kwa maandishi yake, na kwa maandishi hayo ikajitwalia madaraka yote ya mashine. Katika kompyuta ya mkononi ya kawaida kazi yote ilichukua takriban nusu saa, yaani maombi zaidi ya milioni mbili kwa kila sekunde.

Wagunduzi walikisia kwamba theluthi mbili za simu za Android zilikuwa hatarini. Google ilipinga, ikisema kwamba simu nyingi zilikuwa na viini vya zamani kuliko 3.8 na kwamba Android 5.0 na zilizofuata zilikuwa na kinga nyingine. Na hoja hizo zilikuwa na uzito. Lakini kwa mtu wa Mabibo jambo hili si mchezo wa wataalamu. Vodacom ilianzisha M-Pesa nchini Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo simu imekuwa pochi. Programu iliyokitawala kiini yaweza kusoma na kubadili chochote katika simu, kwa kuwa hakuna tena aliye juu yake wa kuizuia.

Marekebisho yalikuwa mstari mmoja: punguza hesabu kabla ya kurudi. Lakini watunzi hawakuridhika na kuziba tundu moja. Katika toleo 4.11 la mwezi Aprili 2017 kiliingizwa chombo kipya cha kuhesabia, kilichotokana na kazi ya Peter Zijlstra, Elena Reshetova na wenzao, chenye tabia ambayo mwalimu wa hisabati ataiona ya ajabu: namba ikizidi kikomo hukwama hapo hapo, haipandi wala haishuki tena. Kitu chenye namba iliyokwama hakitarudishwa mpaka mashine izimwe. Kumbukumbu kidogo hupotea, kwa makusudi, ili sifuri ya uongo isitokee. Chombo hicho pia hupiga kelele mtu akijaribu kuongeza juu ya sifuri.

Yako maradhi ambayo hesabu ya marejeo haina dawa yake. Vitu viwili vikishikana, kila kimoja kikiwa na rejeo la mwenzake, namba zao hazitafika sifuri hata kama dunia nzima imevisahau. Jambo hili liliandikwa na J. Harold McBeth tangu mwaka 1963. Katika Linux hutokea pale njia za mawasiliano zinapotumwa moja ndani ya nyingine, na kwa ajili yake kiini kina mfagiaji maalumu apitaye kutafuta vifundo vya namna hiyo.

Jaribio la darasani

Shule yenye kompyuta moja ya Linux yaweza kuziona hesabu hizi kwa macho. Mwanafunzi na aunde faili dogo, tuseme ndizi.txt, kisha aandike ls -l. Namba iliyo katika safu ya pili ni hesabu ya majina: 1. Aandike ln ndizi.txt mkungu.txt na kuangalia tena. Namba imekuwa 2, kwa majina yote mawili, maana faili ni moja. Akilifuta ndizi.txt kwa rm, namba ya mkungu.txt itarudi 1, na maandishi yamo yote.

Hesabu ya watumiaji haionekani katika safu hiyo, lakini yaweza kunaswa. Na aunde faili zito liitwalo kubwa, la megabaiti 500, kwa amri dd if=/dev/zero of=kubwa bs=1M count=500, na kutazama kwa df . nafasi iliyobaki katika diski. Kisha aandike sleep 600 < kubwa &, amri inayolala dakika 10 huku imelishika faili hilo. Sasa alifute kwa rm kubwa, na arudie df . mara moja. Jina halipo tena, ls hailioni, lakini nafasi iliyobaki haijaongezeka. Darasa liendelee na kazi nyingine. Zikipita dakika 10, df . itaonyesha kwamba megabaiti zile 500 zimerudi, ingawa hakuna aliyetoa amri yoyote.